Uonevu Mashuleni, na Jinsi ya Kumsaidia Aliyeonewa



Mwezi huu twataka kujifunza juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo si dogo hata kidogo: ni uonevu wa mtoto kwa mtoto mwenziwe shuleni.

Huku kwetu Usukuma iko desturi ambayo kila mtu aijua. Yowe likipigwa usiku kwamba ng'ombe wameibwa, mtu hawezi kulala kitandani mwake akasema, "Si ng'ombe wangu." Hutoka akaikimbilia sauti, na asiyetoka hutozwa faini na wenziwe. Basi tujiulize: mtoto aonewapo shuleni, yowe lake husikiwa na nani? Kwa maana mtoto huyu hapigi ukelele. Hunyamaza tu, akakataa kula, akasema tumbo lauma kila Jumatatu asubuhi. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Somo hili lataka kutufundisha kulisikia yowe la namna hiyo, na kutoka.

Yafaa lisomwe polepole, sehemu kwa sehemu. Mwishoni mna maswali ya kuzungumza katika mkutano wa wazazi au katika darasa la kipaimara.

1. Uonevu ni nini?

Si kila ugomvi wa watoto ni uonevu. Wavulana wawili wenye nguvu sawa wakigombania mpira, wakapigana, na jioni wakarudi nyumbani pamoja, huo ni ugomvi tu. Wala utani si uonevu. Sisi twajua utani: babu humtania mjukuu wake, na mjukuu humrudishia babu, shemeji hutaniana, makabila hutaniana hata msibani. Lakini utani una sheria yake, nayo ni hii, kwamba pande zote mbili hupeana na kupokeana, na wote hucheka.

Uonevu wajulikana kwa alama tatu. Ya kwanza, mwenye kutenda ana nguvu kuliko mwenziwe: ni mkubwa kwa mwili, au ana kundi nyuma yake, au amepewa cheo. Ya pili, akusudia kuumiza au kuaibisha. Ya tatu, harudii mara moja tu, bali jambo lenyewe huendelea siku kwa siku. Alama hizi zilipangwa vizuri na mtaalamu mmoja wa Norway, Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza habari hizi miaka ya 1970. Watu wa nchi hiyo walimsikiliza kwa bidii mwishoni mwa mwaka 1982, baada ya wavulana watatu wa upande wa kaskazini kujiua, na ilionekana kwamba huenda sababu ilikuwa kuonewa na wenzao. Mwaka uliofuata, 1983, serikali ya Norway ilianza kampeni katika shule zote.

Basi mtu akisema, "Hao ni watoto, wanacheza tu," na aulizwe: je, wote wawili wanacheka?

2. Sura zake katika nchi yetu

Mkoa wetu wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, nao una wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Vijiji vimetawanyika, na njia za shule ni ndefu. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 hata kidato cha nne, watoto wameongezeka sana madarasani. Jambo hili ni jema, lakini mwalimu mmoja mwenye watoto wengi mno hawezi kuona yote yatendekayo nyuma ya darasa. Tutazame sura za uonevu zionekanazo huku.

Kwanza, kupiga na kunyang'anya. Mtoto huviziwa njiani, penye lambo au korongo, akatwaliwa kalamu, au chakula, au fedha aliyopewa na mama yake.

Pili, dharau ya lugha. Watoto wetu wengi huingia darasa la kwanza wakijua Kisukuma tu. Mtoto aliyetoka kuchunga akikosea neno la Kiswahili, darasa zima hucheka. Katika shule nyingine alivishwa kibao shingoni kwa sababu ya kusema lugha ya mama yake, akapita nacho hata amkamate mwingine asemaye hivyo. Huu ni uonevu uliowekwa na wakubwa, na watoto wakaupokea kama mchezo.

Tatu, kumtesa mgeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika shule za sekondari mwanafunzi mpya huitwa njuka, naye huchoteshwa maji na kufulishwa nguo za wakubwa. Wenye kutenda hayo husema, "Na sisi tulitendewa." Hivyo deni lalipwa kwa mtu asiyelikopa.

Nne, kumcheka mtoto kwa mwili wake. Hapo wako viwete, wasiosikia, na watoto wenye ulemavu wa ngozi. Kanda hii ya Ziwa ina historia ya machungu juu ya hao wa mwisho, kwa maana tangu katikati ya miaka ya 2000 waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, hata watoto wengi wakatolewa makwao na kuhifadhiwa katika vituo kama Buhangija, huko Shinyanga. Jina la dharau litupwalo uwanjani lina mzizi mmoja na panga lile. Anayemfundisha mtoto kwamba mwenziwe si mtu kamili, hajui mafundisho hayo yataishia wapi.

Tano, kuwasimanga wasichana waliorudi. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa kujifungua aweza kurudi darasani. Mlango umefunguliwa na Serikali. Lakini msichana akiitwa "mama" kwa kicheko kila apitapo, mlango ule umefungwa tena na wanafunzi wenzake.

Sita, uonevu wa simu. Picha ya kumwaibisha mtu hupelekwa kwa watu wengi kwa saa moja, na aliyeonewa hana pa kukimbilia hata akiwa nyumbani kwao.

Tusidhani mambo haya ni ya Usukuma peke yake. Shirika la UNESCO lilitangaza mwaka 2019 kwamba duniani karibu mwanafunzi mmoja katika watatu alikuwa ameonewa na wenzake katika muda wa mwezi mmoja. Ni tauni ya dunia nzima. Lakini kila mji wapaswa kutibu wagonjwa wake.

3. Wale wanaotazama

Mara nyingi twafikiri wako watu wawili tu, mwonevu na mwonewa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Turku, katika Finland, walionyesha kwamba sivyo. Wako wanaosaidia kumshika mtoto, wako wanaocheka, wako wanaosimama kimya, na wako wachache wanaomtetea. Mwonevu hutafuta sifa kwa hao wanaotazama. Wakikosa kucheka, mchezo wake umekosa utamu. Kwa hiyo mafundisho yao, yaitwayo KiVa, yaliyoenea katika shule za Finland tangu mwaka 2009, huwafundisha hasa watazamaji.

Mimi niandikaye habari hizi nilikuwa mmoja wa watazamaji, tena nilikuwa mbaya kuliko hao. Nilikuwa kiranja. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele na ya wasemao Kisukuma, ili mwalimu awaadhibu. Alikuwako mvulana mmoja, mkimya, aliyekuja na michembe katika mfuko wake. Siku aliponipa michembe sikumwandika. Siku aliponinyima nilimwandika, ijapokuwa hakufungua kinywa. Wenzangu waliona, wakacheka. Muhula wa pili hakuonekana tena. Tulisema, "Amerudi kwenye ng'ombe zake," tukasahau.

Miaka mingi ikapita, nikamkuta katika mauzo ya pamba. Alinisalimu kwa heshima, "Mwadila, mwalimu," akanipa risiti yake, akaniomba nimsomee uzito ulioandikwa. Nikamsomea. Hakunikumbusha neno lolote, wala sijui kama alinitambua. Lakini mimi nilijua ni nani aliyemnyima kusoma risiti ile. Nilimwomba radhi, naye alicheka tu, akasema ni mambo ya zamani. Kwake yalikuwa ya zamani; lakini atamwomba mtu mwingine amsomee risiti kila mwaka, maisha yake yote.

Kwa sababu hii nasema: cheo cha kiranja ni kitu cha hatari kisipoangaliwa. Shule yenye busara haiwapi viranja fimbo, wala haiwaachi waandike majina pasipo shahidi. Huwapa kazi ya kuwaongoza wageni na kuwalinda wadogo njiani.

4. Jinsi shule zinavyofundisha

Uonevu haufundishwi kwa hotuba moja mstarini. Ziko njia zilizojaribiwa.

Njia ya kwanza ni kumpokea mtoto vema tangu mwanzo. Tangu mwaka 2014 hata 2020 ulikuwako mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioendeshwa na Serikali kwa msaada wa Uingereza, nao ulifika Simiyu. Katika mpango huo watoto wasiojua Kiswahili walitayarishwa kabla ya darasa la kwanza kwa hadithi na michezo, wakiongozwa na watu wa kijiji chao wanaojua lugha yao. Mtoto aingiaye darasani akiwa na maneno mdomoni hachekwi upesi. Tena vilianzishwa vikundi vya wanafunzi vilivyoitwa JUU, yaani Jiamini Uwezo Unao, na ushirikiano wa wazazi na walimu.

Njia ya pili ni mchezo wa kuigiza. Mwaka 1996 waalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha kazi ya TUSEME kwa wasichana wa sekondari. Wanafunzi wenyewe hutafuta tatizo linalowasumbua, hulichambua, hulitungia mchezo na nyimbo, kisha hulionyesha mbele ya wenzao na waalimu, na watazamaji hujadili la kufanya. Kazi hii imeenea katika nchi nyingine za Afrika. Kwa Wasukuma njia hii si ngeni, maana sisi ni watu wa ngoma, na tangu zamani Wagika na Wagalu wamesema ngomani maneno ambayo mtu asingethubutu kuyasema barazani.

Njia ya tatu ni ramani ya hofu. Mwalimu huwapa watoto karatasi, wachore shule yao na njia zake, kisha watie alama mahali waogopapo. Mtoto asiyeweza kumtaja mtu aweza kutaja mahali. Alama zikikusanyika nyuma ya vyoo au penye bomba la maji, waalimu wanajua wapi wasimame saa ya mapumziko.

Njia ya nne ni sanduku la maoni. Shule nyingi zinalo, lakini watoto hawaliamini, nao wana haki. Sanduku likitundikwa mbele ya ofisi, kila atiaye karatasi huonekana. Na ufunguo ukishikwa na mwalimu mmoja tu, atajwaye humo aweza kuwa yeye mwenyewe. Heri ufunguo ushikwe na watu wawili, na lifunguliwe siku maalumu, na watoto waambiwe lililofanyika.

Njia ya tano ni dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, ambalo Serikali imeagiza liwepo shuleni, pamoja na waalimu wa ushauri na unasihi. Mpango wa Shule Salama, ulio ndani ya kazi za SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa shule za msingi, umekusudiwa kuwafundisha waalimu hao.

Je, mafundisho kama haya huzaa matunda? Huko Bergen, katika Norway, shule 42 zilifuatwa baada ya kampeni ya mwaka 1983, na uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Shule hizo zilifanya mambo ya kawaida kabisa: waliwauliza watoto kwa siri, wakaongeza wasimamizi uwanjani, wakaweka sheria chache zilizo wazi, wakaita wazazi, wakazungumza na mwonevu na mwonewa kila mmoja peke yake.

5. Mkono wa mwalimu

Hapa twafika penye neno gumu. Mtoto hujifunza zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Mwalimu asemaye "Msipigane," naye ashika fimbo akimtukana mtoto mbele ya darasa, amefundisha somo jingine: kwamba mwenye nguvu aweza kumtenda mnyonge apendavyo.

Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu watoto watatu katika wanne walipata kupigwa na kuumizwa kabla ya kutimiza miaka 18. Na zaidi ya nusu ya vijana walisema waliwahi kupigwa na mwalimu kwa ngumi, mateke au mjeledi. Kanuni za nchi hazikumpa mwalimu ruhusa ya kupiga ovyo. Kanuni za mwaka 2002 zasema fimbo zisizidi nne, zitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, na ziandikwe katika kitabu. Mzazi aulizapo kitabu hicho hafanyi ukorofi. Atumia haki yake.

Wengine watasema, "Pasipo fimbo watoto watatushinda." Na tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Katika wilaya ya Luweero shule za msingi 42 zilishiriki katika jaribio lililomalizika mwaka 2014. Nusu zilifuata mpango wa kujenga shule njema, ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala: waalimu na wanafunzi waliweka sheria pamoja, wakajifunza adhabu zisizoumiza, wakawasifu waliotenda vema. Mwishoni, katika shule zisizofuata mpango, watoto 49 hivi katika 100 walisema walipigwa na watumishi wa shule katika juma lililopita. Katika zilizoufuata walikuwa 31. Bado ni wengi, lakini tofauti ni kubwa. Jambo jingine la kukumbuka ni hili: watoto walipoulizwa kwa upole, zaidi ya 400 walieleza mambo mazito hata wakapelekwa kwa watu wa ustawi wa jamii. Hao wote walikuwa kimya mpaka walipoulizwa.

6. Jinsi ya kumsaidia aliyeonewa

Mtoto akija kwako, fuata utaratibu huu.

(a) Msikilize mahali pa faragha lakini panapoonekana na watu. Usimwulize, "Wewe ulifanya nini hata akakuonea?" Swali hilo ni pigo la pili.

(b) Mwambie kwamba umemsadiki, na kwamba kosa si lake. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utawaeleza wale tu wawezao kumsaidia.

(c) Andika aliyoyasema, kwa maneno yake, na tarehe.

(d) Usimwite mwonevu papo hapo na kuwashikanisha mikono. Mwonewa atasema "nimesamehe" kwa hofu, na jioni atalipizwa njiani. Zungumza na kila mmoja peke yake.

(e) Mpatie ulinzi wa siku hiyo hiyo: abadilishiwe kiti, apate mwenzi wa kwenda naye nyumbani, na mwalimu wa zamu ajue. Msichana aliyepanga chumba karibu na shule ya kata, mbali na wazazi wake, aangaliwe zaidi, kwa kuwa hana mlango wa kukimbilia.

(f) Wape wazazi habari, kwa upole.

(g) Muulize tena baada ya juma moja, na baada ya mwezi. Waalimu wengi hukosa hapa. Jambo huonekana limekwisha, kumbe limehama mahali tu.

Likiwa ni jambo la kuumizwa vibaya au la kunajisiwa, si la kumalizwa barazani kwa ng'ombe wala kwa fedha. Mtoto apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI hazifai baada ya hapo. Tena habari ifike Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Mtu yeyote aweza kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto, wala hailipiwi. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamlazimu kila mtu wa jamii ajuaye kwamba haki ya mtoto yavunjwa, apeleke habari kwa serikali ya mahali pake. Hapo ndipo sheria ya nchi na desturi yetu ya yowe zinapokutana.

7. Na yule aliyeonea?

Mwonevu naye ni mtoto wetu. Mara nyingi amejifunza nyumbani: baba humpiga mama, kaka humpiga yeye, naye amtafuta aliye mdogo kuliko yeye. Asifichwe kosa lake, wala asifukuzwe upesi kama mbwa. Aambiwe wazi alilotenda, arudishe alichonyang'anya, apewe kazi ya kufaa watu, isiyo ya kumwaibisha, na wazazi wake waitwe. Kumpiga mbele ya wenziwe kwa ajili ya kupiga ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

8. Kazi yetu

Mwinjilisti au mwalimu wa kipaimara ana nafasi ambayo mwalimu wa shule hana. Yeye huonana na watoto wachache, kila juma, wala hawapi alama za mtihani. Aweza kuona nani hukaa peke yake, nani daftari lake limechanwa, nani huchelewa kuondoka hata wenziwe wamekwisha kwenda. Mwenye macho na aangalie hayo. Naye mzazi, jioni, asiulize tu, "Umepata ngapi?" Na aulize pia, "Leo ulicheza na nani?" Mtoto akikosa la kujibu siku tatu mfululizo, basi yowe limepigwa.

Maswali ya kuzungumza

1. Utani na uonevu hutofautianaje? Toeni mifano ya kijijini kwenu.
2. Ni mahali gani, kati ya nyumbani na shuleni, watoto wenu waogopapo kupita? Je, mmewauliza?
3. Sanduku la maoni la shule yenu latundikwa wapi, na ufunguo unashikwa na nani?
4. Viranja wa shule yenu wamepewa kazi gani? Nani huwaangalia wao?
5. Mtoto aliyeacha shule mwaka uliopita, je, mnajua sababu yake kweli, au mlisema tu, "Amerudi kwenye ng'ombe"?

Swali hili la tano lisijibiwe kwa kukisia. Na wachaguliwe watu wawili, waende nyumbani kwake.